Fundi Asiye na Mkaguzi

Katika nchi ya Uingereza, tangu mwaka 1960, sheria imeagiza kwamba vyombo vya moto vikifikia umri fulani vipelekwe kila mwaka kwa mkaguzi, naye atazame breki, taa, magurudumu na usukani, kisha atoe cheti. Asiye na cheti hana ruhusa kwenda barabarani. Lakini mwaka 2012 vyombo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1960 viliondolewa katika amri hiyo, na tangu mwezi wa Mei 2018 vimeondolewa pia vile vilivyopita miaka 40, maadamu havikubadilishwa sana. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wenye vyombo vya kale huvitunza vema, wala hawaviendeshi mara nyingi. Walakini sheria haikusema kwamba chombo kibovu chaweza kupita barabarani. Kuendesha chombo cha hatari ni kosa kama zamani. Kilichoondoka ni jicho la mkaguzi tu.

Hapa twaona swali ambalo tungependa kulifikiri pamoja na wasomaji wetu. Mtu anayo pikipiki ya kale. Anaitengeneza mwenyewe nyumbani, katika banda la nyuma, jioni baada ya kazi yake. Hapana bwana amlipaye, hapana mteja atakayerudi kulalamika, na sasa hapana mkaguzi. Alitendalo ndani ya injini hataliona mtu. Je, mtu huyu anadaiwa kazi njema? Na kama anadaiwa, mdai wake ni nani?

Huenda mwingine akasema kwamba swali hili ni dogo, tena ni la watu wenye nafasi ya kucheza na vyuma. Sisi hatuoni hivyo. Sehemu kubwa ya kazi za wanadamu hufanywa mahali pasipo jicho. Fundi mwashi hufunika msingi kwa udongo. Seremala huficha ulimi wa ubao ndani ya tundu lake. Karani huandika hesabu katika daftari ambalo pengine hapana mtu atakayelifungua tena. Pikipiki ina faida hii, kwamba yenyewe hujibu. Lakini hujibu kwa kuchelewa, na mara nyingine humjibu mtu asiyehusika.

Ili maneno yetu yasielee hewani, natutazame pikipiki moja ijulikanayo sana. Mwaka 1939 kiwanda cha DKW, katika mji wa Zschopau nchi ya Saxony, Ujerumani, kilitoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Vita vilipokwisha, washindi waliichukua michoro yake kama sehemu ya fidia. Warusi wakaitengeneza kwao, Harley-Davidson wakaitengeneza Marekani, na huko Birmingham kampuni ya BSA ikaitoa mwaka 1948 kwa jina la Bantam, yaani jogoo mdogo. BSA ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, na herufi zake zenyewe zasema habari ya silaha. Waingereza waliigeuza michoro ile kama kitu kitazamwacho katika kioo, mkono wa kushoto ukawa wa kulia, ili dereva abadilishe gia kwa mguu wa kulia kama ilivyokuwa desturi yao. Kwa hiyo jogoo huyu wa Birmingham ni Mjerumani aliyegeuzwa. Hermann Weber, aliyeongoza kazi ya kuiunda ile ya kwanza, alichukuliwa kwenda Urusi baada ya vita akafa huko mwaka 1948, mwaka uleule ambao Waingereza walianza kuiuza ya kwao.

Bantam ziliendelea kutengenezwa hata mwaka 1971. Vijana wa Posta walizipanda, zimepakwa rangi nyekundu, wakipeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba; wakulima walizipanda, na manesi, na wanafunzi. Haikuwa pikipiki ya fahari. Ile ya kwanza ilikuwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 123 na gia tatu, na mwendo wake ulikuwa wa kiasi. Hiyo ndiyo sababu leo yapatikana katika mabanda mengi ya mafundi wa nyumbani: ni rahisi, vipande vyake ni vichache, na mtu mwenye spana chache na subira aweza kuifungua yote juu ya meza.

Yatupasa kueleza kidogo jinsi injini yake ifanyavyo kazi, maana hoja yetu imekaa humo. Ni injini ya mapigo mawili. Haina vali kama za motokaa, wala haina pampu ya oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na mchanganyiko huo hupita kwanza katika chumba cha krenki, chini ya pistoni, kabla ya kupanda juu na kuchomwa. Oili ile ndiyo ilainishayo beringi na pistoni njiani. Basi chumba kile cha krenki hakina budi kufungwa kabisa, hewa isipate njia ila ile ya kabureta. Mahali krenki inapotokeza nje, kushoto na kulia, pamewekwa pete za kuziba. Pete hizi ni kitu kidogo, bei yake ni ndogo, na mtu aweza kumiliki pikipiki miaka kumi asizione hata mara moja.

Sasa pete zikichakaa, injini huanza kuvuta hewa kwa mlango wa wizi. Petroli yawa haba ndani ya hewa, na kwa kuwa oili husafiri na petroli, nayo huwa haba. Injini hupata moto kupita kiasi. Huvuma kwa kasi wakati ingepasa kutulia. Na fundi akiifungua plagi huona dalili: ncha yake ni nyeupe kama mfupa uliokaa juani, badala ya kuwa na rangi ya udongo mwekundu au kahawa.

Fundi huyu anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuishusha injini, kuiondoa sumaku kwa chombo chake maalum, kuifungua klachi, kuipasua injini katikati, kutoa pete za zamani na kutia mpya, na kuyarudisha yote mahali pake. Kwa mtu wa jioni, kazi hiyo huchukua juma zima, na pengine majuma mawili. Njia ya pili ni ya dakika kumi. Atafungua kabureta, atatoa kile kijiti cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, na badala yake atatia chenye tundu kubwa zaidi. Petroli itaongezeka, injini itatulia, na plagi, akiitazama kesho, itakuwa na rangi nzuri ya kahawa.

Tafadhali msomaji alitazame jambo hili vizuri, maana hila zote za kazi zafanana na hii. Plagi ilikuwa shahidi wa kweli. Sasa imefundishwa kusema uongo. Ugonjwa umebaki palepale, tena waendelea, ila dalili yake imeondolewa. Na hewa iingiayo kwa pengo haifuati mkono wa dereva. Akiteremka mlima mrefu amefunga petroli, kabureta haitoi ila kidogo sana, na oili ni kidogo vilevile, lakini pengo halikufungwa. Hapo pistoni yaweza kushika ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma likakwama ghafula. Mwenye mazoezi atavuta klachi upesi, gurudumu likawa huru. Asiye na mazoezi ataanguka.

Lakini tusiharakishe kuhukumu, maana yule fundi anayo hoja yake, nayo si ya kijinga. Atasema: pikipiki ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Sikumwahidi mtu kitu. Sikupokea mshahara. Mtu akinilipa nimtengenezee chombo chake, hapo nina deni, kwa kuwa amenipa fedha nami nimempa neno. Lakini hapa aliyenipa kazi ni mimi, na aliyeipokea ni mimi. Mtu awezaje kujiibia? Shingo itakayovunjika ni yangu.

Sehemu ya kwanza ya jawabu ni nyepesi. Shingo si yake peke yake. Barabara ni ya watu wote, na pikipiki iangukayo haichagui mahali pa kuangukia. Tena mara nyingi nyuma yake ameketi mwingine: mkewe, mtoto wake, rafiki aliyeomba kuchukuliwa. Yule wa nyuma hakuishika spana. Hajui kama nati ya gurudumu imefungwa kwa pini yake au kwa msumari uliokunjwa. Amepanda kwa kumwamini mtu, wala si chuma. Watu wa miji yetu wanalijua jambo hili, kwa kuwa kila siku maelfu hupanda bodaboda nyuma ya vijana wasiowajua, na mara chache mtu huuliza waya wa breki ulitazamwa lini. Basi fundi wa nyumbani, ingawa hakutia sahihi mkataba wowote, hupewa amana kila mara mtu anapoinua mguu na kuketi nyuma yake.

Sehemu ya pili si nyepesi hivyo, nayo ndiyo tuipendayo zaidi. Pikipiki ya kale imekwisha kuwazidi umri watu wengi walioimiliki. Bantam ya mwaka 1950 labda imepita katika mikono ya watu sita au saba, na baadhi yao wamekwisha kufa. Afunguaye injini yake leo hukutana nao wote. Huyu hapa aliigonga nati kwa tindo na nyundo kwa sababu hakuwa na spana yake, na pembe za nati zimelika mpaka imekuwa mviringo. Yule alijaza gundi ngumu katika tundu lililopoteza hesi, akakaza skrubu ndani ya gundi, naye alijua bila shaka kwamba haitashika kwa mzigo. Mwingine, labda mwenye umaskini kuliko wote, alikosa wosha akaichonga moja kwa tupa kutoka kipande cha shaba, nayo imekaa pale sawasawa kabisa.

Habari ya nati yataka neno lake. Nati za pikipiki za Kiingereza za zamani hazikupimwa kwa milimita. Nyingi zafuata kipimo cha Joseph Whitworth, aliyependekeza mwaka 1841 kwamba viwanda vyote vya Uingereza vitumie hesi za namna moja, zenye pembe ya nyuzi 55. Na nyingine zafuata kipimo cha baiskeli, chenye hesi nyembamba na pembe ya nyuzi 60. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na hesi zake, na nati ya mahali hapa haikuingia katika bolti ya mahali pale. Leo mtu huja na spana zake za milimita, anaona moja yakaribia kutosha, naye anasema, itafaa. Yafaa mara ya kwanza. Mara ya pili inateleza kidogo. Mara ya tatu pembe zimekwisha, na yule ajaye atahitaji tindo. Hapana mtu aliyekusudia ubaya katika habari hii yote. Kila mmoja aliona haraka yake tu, na kumwachia wa nyuma kazi iliyo ngumu kidogo kuliko ile aliyoikuta.

Basi twamwambia yule fundi mwenye hoja: wasema aliyeipokea kazi ni wewe, kumbe wewe ni mpokeaji wa katikati. Umepokea mema na mabaya kwa watu ambao huwezi kuwashukuru wala kuwashtaki. Nawe utampelekea mtu ambaye hataweza kukushtaki wala kukushukuru. Fedha uliyotoa ilikupa haki ya kuitumia pikipiki, na hata kuivunja ukitaka, maana mwenye mali aweza kuivunja mali yake mchana kweupe. Lakini haikukupa haki ya kumtegea mtego mtu atakayekuja, akiona rangi ya kahawa juu ya plagi na kuiamini.

Hata hivyo haifai kukimbia hoja iliyobaki. Tuseme mtu huyu hampandishi mtu yeyote nyuma. Tuseme anaiendesha katika shamba lake tu, mahali pasipo watu, na akimaliza ataitupa shimoni. Hapana abiria, hapana mrithi. Je, sasa lile tundu kubwa la kabureta ni kosa? Wako waalimu watakaosema upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa mkono uzoeao uongo katika dogo utaufanya katika kubwa. Huenda ni kweli, lakini hatupendi kujenga juu ya huenda. Twawajua watu wafanyao kazi mbovu katika mambo yao wenyewe na njema katika mambo ya wengine, na kinyume chake pia.

Sisi twaona jibu liko mahali pengine. Kwanza, kila dawa ya muda si uongo. Mtu ameharibikiwa njiani maili ishirini kutoka nyumbani. Waya wa klachi umekatika, naye anaufunga kwa kipande cha waya wa ua, anafika kwake salama. Huyo amefanya vema, tena twamsifu, maana akili ya namna hiyo ndiyo iliyozifikisha pikipiki hizi hata leo. Wala tundu kubwa la kabureta lenyewe si dhambi. Mtu aweza kulitia kwa siku tatu akingojea pete zifike kwa posta, huku akienda polepole na kuujua mlima wa kuuepuka. Tofauti haiko katika chuma. Iko hapa: huyu ajua kwamba pete ni mbovu, naye anakaa na ujuzi huo. Yule mwingine alijua jana, na leo ametazama plagi yake nzuri akachagua kutojua tena.

Hili ndilo jambo la fundi asiye na mkaguzi. Ndani yake wamo watu wawili, mtenda kazi na mtazama kazi, na mtazama kazi huyu ni rahisi kuhongwa. Hahongwi kwa fedha. Huhongwa kwa uchovu, kwa chakula kilicho tayari mezani, kwa hamu ya kuisikia injini ikiwaka kabla ya kulala. Saa nne ya usiku nati ambayo ilizunguka nusu zaidi ya ilivyopasa, dalili kwamba hesi zimeanza kukatika, huonekana kuwa imekaza vizuri. Mkono ulihisi. Mkono haukosi kuhisi. Lakini mkaguzi amekwisha kusaini cheti na kwenda zake.

Mafundi wazuri tuwajuao hawakuishinda hali hii kwa kuwa watu wenye nia kali kuliko wengine. Waliishinda kwa desturi ndogo ndogo. Hawaiendeshi pikipiki usiku uleule walioimaliza. Huiacha hata asubuhi, huja na taa ijapokuwa ni mchana, huanza gurudumu la mbele na kurudi nyuma, na kushika kila nati kama kwamba imefungwa na mtu mwingine, tena mtu wasiyempenda sana. Wengine hutia alama ya rangi juu ya nati iliyokwisha kukazwa, na nati isiyo na alama haihesabiwi, hata kama wakumbuka kabisa kwamba waliikaza. Tumeona desturi hii ikidharauliwa na vijana kuwa ni woga wa wazee. Si woga. Ni kumpa yule mkaguzi wa ndani kiti chake mwenyewe, mbali na meza ya mtenda kazi, ili wasile pamoja.

Yafaa tuseme pia juu ya kosa la upande wa pili, maana wako wasiokosa kwa uvivu bali kwa kupenda mno. Hawa hawaridhiki pikipiki iende, wataka ing'ae. Huondoa kitu kizima kwa sababu kina mkwaruzo. Hupaka rangi juu ya rangi, hufanya chuma king'ae kuliko kilivyong'aa siku ile ilipotoka Birmingham, na fedha ya karo au ya paa la nyumba huingia humo kidogo kidogo. Twamfahamu mmoja ambaye pikipiki yake, baada ya kupambwa namna hiyo, ilizimika kila baada ya maili chache, na ikipumzishwa iliwaka tena. Alibadili plagi, alibadili kondensa, alibadili waya zote. Mwisho ilionekana kwamba rangi mpya imeziba kitundu cha kifuniko cha tangi, kitundu ambacho hewa huingia petroli ikipungua. Pasipo hewa petroli haishuki. Kitundu chenyewe chatosha sindano tu, na kazi yote ya uzuri ilikuwa imekaa juu yake.

Tena kuna udanganyifu wa namna hii ulio mzito kuliko kitundu. Wayunani wa kale, kama alivyoandika Plutarch, walibishana juu ya merikebu ya Theseus, iliyohifadhiwa Athene kwa kubadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine mpaka haukubaki ubao wa kwanza. Wengine walisema ni ileile, wengine walikana. Katika biashara ya pikipiki za kale ubishi huu umekuwa na bei. Fremu ina namba yake na injini ina namba yake, na pikipiki ambayo namba zake mbili zaonyesha kwamba zilitoka kiwandani pamoja huuzwa ghali kuliko ile iliyounganishwa kwa vipande. Basi wako wasugua namba na kupiga nyingine. Wanafalsafa waweza kubishana mpaka kesho kama merikebu ni ileile. Lakini yule apigaye namba mpya hajaingia katika ubishi wao. Yeye ajua vizuri kilichobadilika, na siku gani, na kwa nyundo ipi. Kubadili ubao hakukumkosea mtu huko Athene, kwa kuwa ulibadilishwa mbele ya watu wote.

Kwa sababu hiyo twapendezwa sana na desturi ya wenye pikipiki za kale ya kuwa na daftari. Si kitu kikubwa: ni kijitabu chenye alama za vidole vya oili, kikaacho na pikipiki, na pikipiki ikiuzwa huuzwa nacho. Ndani yake imeandikwa tarehe na kazi. Pete za krenki mpya, pande zote mbili. Masizi yameondolewa katika bomba la moshi na kichwa cha silinda. Nafasi ya vidomo vya cheche imewekwa inchi 0.015. Na humo humo, kwa mwandiko uleule, yapasa kuandikwa: hesi ya tundu la tatu upande wa klachi imekwisha, imeshikwa kwa gundi, isitegemewe. Sentensi hii ya mwisho haimgharimu mwandishi kitu siku ile anapoiandika. Itamgharimu siku ya kuuza.

Natufikiri siku hiyo. Fremu ilipata ufa, na mwenyewe aliuchomelea vizuri, chuma kimeingia ndani kabisa, wala hana shaka juu yake. Kovu la kuchomelea laonekana. Aweza kulisawazisha kwa tupa, kupaka rangi, na hapana jicho litakaloliona. Atajitetea kwamba hamdhulumu mnunuzi, kwa kuwa fremu ni imara kama mpya. Na kweli aweza kuwa imara. Lakini mnunuzi haombi uimara tu. Anataka kujua mahali pa kuelekeza taa yake asubuhi kabla ya safari, na kovu lile ndilo limwambialo. Akilifuta, anamnyang'anya mwenzake ukaguzi, ambao yeye mwenyewe aliufanya kila asubuhi.

Basi aliache kovu, na ukurasa wa daftari ufunguliwe mezani. Mnunuzi ataomba apunguziwe bei, na huenda ana haki. Au ataaga kwa adabu na kwenda kutazama pikipiki nyingine katika mtaa wa pili, iliyopakwa rangi mpya kila mahali, yenye plagi safi ya rangi ya kahawa, isiyo na daftari.